Kuusoma mji uliozaliwa na mgodi: usianzie kwenye shimo

Msomaji mmoja ameniandikia: "Nimehamia kikazi katika mji uliokuwa wa mgodi wa shaba. Mgodi ulifungwa kabla sijazaliwa. Siku za mapumziko huwa nazunguka: naona mnara wenye kutu, mlima wa kifusi, nyumba zinazofanana safu kwa safu, na zaidi ya hapo sioni kitu. Wenyeji wenyewe huniambia hapa hakuna cha kutazama. Nataka kuujua urithi wa mahali hapa. Nianzie wapi, nitazame nini, na nitawaulizaje wazee bila kuwatonesha vidonda?"

Ndugu msomaji, umevitaja vidonda kabla hujamuuliza mtu yeyote, na hiyo ni dalili kwamba umeanza vizuri. Nitakujibu kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe nikifika katika mji wa namna hiyo, na sharti lake la kwanza ni hili: usianzie kwenye shimo. Shimo na mnara wake ndivyo vinavyovuta macho, ndivyo vinavyopigwa picha, na mara nyingi ndivyo pekee vilivyowekewa kibao cha maelezo. Lakini vyenyewe vinaeleza namna madini yalivyotoka ardhini. Namna watu walivyopangwa, walivyoumia na walivyojifunza kuwa jamii moja imeandikwa kwingine.

Miji mingi ina sababu kadhaa za kuwepo: njia panda, mto, soko, bandari. Mji wa mgodi uliwekwa pale kwa sababu moja, kwamba mwamba wa pale ulikuwa na mbale, yaani mawe yenye madini, yenye kulipa. Kwa hiyo karibu kila kilichojengwa kilijengwa kwa makusudi, na makusudi hayo hufumbuka kwa maswali mawili: hiki kiliwekwa hapa kwa kazi gani, na kwa faida ya nani? Tembea na maswali hayo.

Anza na maji. Mgodi wowote ukishapita kina cha maji ya ardhini hugeuka kisima, na vita ya kukikausha kisima hicho imeamua uhai na kifo cha miji mingi. Injini ya mvuke ambayo Thomas Newcomen aliisimika karibu na Dudley, Uingereza, mwaka 1712 haikuvuta gari wala kuzungusha kinu. Ilikuwa pampu ya kutoa maji kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Huko Cornwall, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, nyumba za injini za aina hiyo zilizojengwa baadaye bado zimesimama kwa wingi juu ya majabali ya bahari na katikati ya mashamba. Ukizitazama juujuu ni magofu tu. Ukizikaribia utaona ukuta mmoja ni mnene kuliko mingine, kwa kuwa huo ndio uliobeba boriti nzito ya chuma iliyopanda na kushuka kama pembea ya watoto: upande mmoja pistoni ndani ya nyumba, upande wa pili vyuma vya pampu vilivyoteremka shimoni. Magofu ya umbo hilohilo yapo Real del Monte nchini Mexico na Moonta huko Australia Kusini, kwa sababu katika karne ya 19 wachimbaji wa Cornwall walisafiri na ujuzi wao. UNESCO iliiweka migodi ya Cornwall kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na ukuta huo mnene ni sehemu kubwa ya sababu.

Kwingine maji ndiyo yaliyokuwa nguvu yenyewe. Kuuzunguka mji wa Banská Štiavnica, Slovakia, yapo maziwa yaliyotengenezwa na watu, mengi yao katika karne ya 18, ili maji yaendeshe mitambo ya migodi ya fedha na dhahabu. Leo wakazi huogelea humo, na mgeni asiyeuliza ataondoka akidhani ni maziwa ya asili. Na katika bonde la Ruhr, Ujerumani, maji yamebaki kuwa deni. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe huko, Prosper-Haniel, ulifungwa Desemba 2018, lakini ardhi imedidimia mahali pengi kutokana na makaa yaliyotolewa chini yake, hivyo pampu zinaendelea kuvuta maji na hakuna tarehe iliyopangwa ya kuzizima. Hilo pia ni urithi.

Basi katika mji wako tafuta bwawa lisilo na mto unaolilisha, mfereji unaofuata mkunjo wa kilima karibu bila kushuka, na mahali maji yanapobubujika kutoka chini ya kilima. Yakiwa na rangi ya kutu, yamepita kwenye mawe yenye chuma na salfa. Yakiacha utando wa kijani au buluu juu ya mawe, kuna shaba. Tazama, piga picha, usiyaonje wala usinawe.

Ukishayaona maji, nenda kwenye kifusi. Watu huona mlima mmoja wa uchafu, ilhali kwa kawaida kuna aina tatu na kila moja ina habari yake. Mawe makubwa yasiyo na mpangilio ni mwamba usio na faida uliotolewa wakati wa kutoboa njia. Mchanga laini, au tope lililokauka likapasuka, limepitia kwenye kinu: hapo mbale ilisagwa na kuchenjuliwa, na hiyo ndiyo topesumu. Vipande vyeusi vinavyong'aa, vyenye alama ya kuwahi kutiririka, ni taka za tanuri. Ukizipata zote tatu, mji wako ulichimba, ukasaga na ukayeyusha. Maana yake ulihitaji mafundi wa kila ngazi, kuni au makaa kwa wingi, na pengine reli. Ukipata ya kwanza tu, mbale ilisafirishwa ikiwa ghafi na sehemu kubwa ya thamani yake ikapatikana kwingine. Kwa dakika chache za kuinamia mawe unaweza kujua nafasi ya mji huo katika uchumi wa wakati wake. Ndiyo maana sichoki kuwasihi watu waache kupita kando ya kifusi kana kwamba ni aibu ya mji.

Tazama pia kinachoota juu yake. Katanga, kusini mwa Kongo, na Zambia kuna vilima vya shaba ambavyo miti hukataa kuota, na badala yake huota majani na maua madogo yanayostahimili sumu ya shaba. Watafuta madini waliyatumia kama alama. Huko Falun, Sweden, mabaki ya mgodi wa shaba uliofungwa mwaka 1992 yametoa rangi nyekundu ambayo kwa karne nyingi imepakwa nyumba za mbao nchi nzima. Mwenye kutaka kuuona urithi wa Falun anaweza kuuona kwenye ghala la mkulima aliye mbali kabisa na mgodi. Na kifusi hakidumu pale milele: mlima mweusi wa taka za tanuri uliokuwa alama ya mji wa Lubumbashi, Katanga, umerudiwa kuchenjuliwa kwa ajili ya kobalti iliyomo. Piga picha sasa, kutoka pande zote, na uandike tarehe.

Hapa sina budi kuwa mkali kidogo. Kifusi kinaua. Tarehe 21 Oktoba 1966 lundo la mgodi wa makaa lililorundikwa juu ya chemchemi liliporomoka likafunika shule katika kijiji cha Aberfan, Wales. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Mjini Picher, Oklahoma, watoto walicheza kwa vizazi juu ya marundo ya mabaki ya madini ya risasi na zinki, hadi ilipogundulika kwamba madini hayo ya risasi yameingia kwenye damu yao. Wakazi walihamishwa na mwaka 2009 mji ukafutwa rasmi. Kabwe, Zambia, ilikofungwa mgodi wa risasi na zinki mwaka 1994, vumbi lake bado linawadhuru watoto wa mitaa ya jirani. Kwa hiyo usipande marundo ya mchanga laini, usiende na watoto, na ukirudi fua nguo na usafishe viatu kabla ya kuingia ndani. Handaki la zamani usiingie hata hatua mbili. Hewa iliyokaa humo inaweza kuwa haina oksijeni ya kutosha, na mtu huzimia kabla hajahisi lolote. Midomo ya mashimo ya kale mara nyingi ilifunikwa kwa mbao na udongo. Mbao zimeshaoza, nyasi zimeota juu.

Sasa nyumba. Hapa ndipo ningekushauri utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote, maana ramani ya mji wa mgodi ni orodha ya vyeo iliyochorwa kwa matofali. Panda mahali pa juu, tafuta bomba la moshi la tanuri kama lipo, kisha uliza upepo huelekea wapi sehemu kubwa ya mwaka. Mara nyingi utakuta nyumba za mameneja ziko upande ambao moshi hauendi. Shuka uhesabu: nyumba ya aina hii ina vyumba vingapi, dirisha ngapi, bomba la maji liko ndani au nje, jiko ni la nani na choo ni cha watu wangapi. Angalia umbali kati ya nyumba na nyumba, na kama kuna mabaki ya ukuta au uzio ulioizunguka kambi. Uzio huo uliza ulikuwa wa kuwazuia wezi wasiingie au wafanyakazi wasitoke. Kimberley, Afrika Kusini, kuanzia miaka ya 1880, wafanyakazi Waafrika wa migodi ya almasi walifungiwa kambini kwa muda wote wa mkataba ili wasitoke na almasi. Leo Shimo Kubwa la Kimberley hutazamwa kwa mshangao, na ni haki yake. Lakini shimo bila kambi ni nusu ya habari.

Mfano mwingine ni Kolmanskop, Namibia, mji wa almasi uliohamwa kabisa mwaka 1956. Wageni huenda kupiga picha za nyumba za Wajerumani zilizojaa mchanga wa jangwa hadi madirishani. Ni picha nzuri. Ila mji ule ulianza mwaka 1908 pale mfanyakazi wa reli aitwaye Zacharias Lewala alipookota jiwe lililong'aa akalipeleka kwa msimamizi wake, August Stauch, na ni Stauch aliyekata leseni. Vibarua wa mkataba walilala kwenye kambi, mbali na ukumbi, hospitali na kiwanda cha barafu ambavyo ndivyo vinavyoonyeshwa. Mjini kwako pia kuna mahali ambapo waliokuwa wengi walilala na pasipo na kibao. Patafute. Pengine ni misingi ya mawe tu ndani ya majani.

Usisahau duka. Huko Humberstone, kwenye jangwa la kaskazini mwa Chile, wachimbaji wa chumvi ya nitrati walilipwa kwa miongo mingi kwa vipande vya chuma au plastiki vilivyopokelewa katika duka la kampuni peke yake. Mzee akikuonyesha kidude cha namna hiyo, usikichukulie kama pambo. Hicho ndicho kilichomfunga mtu kwa mwajiri wake.

Kisha kiwanja cha mpira na ukumbi wa ngoma, ambavyo huwa sielewi kwa nini waandishi wa vitabu vya wasafiri huviruka. Wachezaji wa klabu ya Schalke, Ujerumani, bado wanaitwa kwa jina la kale la wachimbaji, na jina la Shakhtar ya Donetsk, Ukraine, linatokana na mchimba makaa. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mfano ulio karibu zaidi na moyo. Ngoma ya beni, iliyoanzia miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi, ilisafiri na askari na vibarua hadi kwenye migodi ya shaba ya Zambia, ikaitwa mbeni, na kutoka humo ikazaliwa ngoma ya kalela. Na huko Katanga, kampuni ya Union Minière iliyoundwa mwaka 1906 ilikusanya watu wa makabila mengi, wakaelewana kwa Kiswahili. Ndicho kinachosemwa hadi leo mitaani Lubumbashi. Hata hivyo kiwanja cha mpira kinaweza pia kuwa mahali pa kilio. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi kwenye kiwanja cha mjini humo, wakati huo ukiitwa Élisabethville, na miongo kadhaa baadaye wachoraji wa mtaani walikuwa bado wanalichora tukio hilo kwenye picha walizoziita ukumbusho, za kutundika sebuleni.

Makaburini nenda peke yako, asubuhi, na kalamu. Andika miaka ya kuzaliwa na kufa, na majina yanakotoka. Katika mgodi wa Bois du Cazier, Marcinelle, Ubelgiji, moto wa tarehe 8 Agosti 1956 uliua watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitalia. Ukisoma orodha ya majina yao umesoma historia ya uhamiaji wa Ulaya baada ya vita. Tarehe nyingi zikifanana, kulikuwa na ajali. Lakini kumbuka mnara wa kumbukumbu huwataja waliokufa siku moja. Aliyekufa polepole nyumbani kwa vumbi la mawe mapafuni, miaka baada ya kustaafu, hayumo. Yumo kwenye makaburi ya kawaida, na ni mjane au watoto wake watakaokwambia alikuwa anakohoa tangu lini.

Mwaka 1719, huko Falun, wachimbaji walikuta ndani ya maji yenye sulfati mwili wa kijana usio na dalili ya kuoza. Hakuna kati yao aliyemjua. Aliyemtambua ni mwanamke mzee aliyekuwa mchumba wake: alikuwa Mats Israelsson, aliyepotea mgodini mwaka 1677. Nakutajia kisa hicho kwa sababu sasa tumefika kwa wazee, ambao hutambua yale ambayo wengine hawayajui, na baada ya kuzunguka kote huko utakuwa umewajia ukiwa na kitu cha kuwaambia.

Usimuulize mzee "nieleze historia ya mgodi". Atakupa yale yaliyoandikwa kwenye kibao, au atanyamaza. Muulize kuhusu mikono na saa: zamu ilianza saa ngapi, king'ora kililia mara ngapi, ulishika chombo gani, chakula ulikula wapi, nani alikufundisha kusikiliza mwamba kabla haujaanguka. Mchimbaji aliyeishi hadi uzeeni alijua kuusikiliza mwamba. Ujuzi huo haumo kwenye hati yoyote na utaondoka naye. Mpelekee picha uliyopiga, ya kifusi au ya safu ya nyumba, umwache yeye akuonyeshe. Mkaribishe pia aonyeshe alichonacho. Lubumbashi, kuanzia mwaka 2000, mradi wa chuo kikuu cha pale ulioitwa Kumbukumbu za Lubumbashi uliwaomba wakazi watoe vyombo vyao vya nyumbani, na kutokana na sufuria, cherehani na redio watu wakasimulia maisha ambayo maswali yasingeyatoa.

Wanawake waulize peke yao, na usiwaulize habari za waume zao tu. Uingereza ilikataza wanawake kufanya kazi chini ya migodi ya makaa mwaka 1842, lakini huko Cornwall wasichana waliendelea kwa miongo mingi kuponda mbale kwa nyundo juu ya ardhi. Huko Bolivia wapo wanawake ambao hadi leo wanachambua mawe kwenye marundo ya kifusi. Na hata pale ambapo hakuna mwanamke aliyeshika nyundo, kuna aliyefua zile nguo, aliyehesabu siku za mshahara, aliyesimama getini siku ya ajali.

Kuhusu vidonda: mambo matatu huuma katika karibu kila mji wa mgodi. Nayo ni mgomo na nani aliyeusaliti, mbale iliyotoka kwa siri usiku, na siku ya kufungwa. Usiyaguse ya kwanza wala ya pili. Yakija, yaje kwa kinywa cha mwenyewe. La tatu liulize mwishoni, baada ya kuzoeana, na uliulize kama siku: ulikuwa wapi ulipopata habari? Mtu akikataa kurekodiwa, funga daftari uendelee kukaa naye. Na usiyalainishe yanayouma ili mji upendeze. Japani ilipoorodhesha kisiwa cha makaa cha Hashima miongoni mwa maeneo ya Urithi wa Dunia mwaka 2015, iliahidi kueleza habari za Wakorea waliofanyishwa kazi kwa nguvu. Mwaka 2021 kamati ya UNESCO ilieleza kusikitishwa kwake sana kwamba ahadi ile ilikuwa haijatimizwa ipasavyo. Wazee wanajua kilichotokea. Wakiona maelezo yamepakwa rangi hawatakuja tena.

Nyaraka ziachie mwisho, maana utazisoma kwa jicho tofauti ukishawasikia watu. Idara ya madini au ya jiolojia ya nchi huwa na ripoti za mwaka na ramani za chini ya ardhi. Magazeti ya zamani huwa na ajali na migomo. Picha za angani zilizopigwa kwa vipindi tofauti zitakuonyesha kambi iliyobomolewa. Baadhi ya urithi wa mji huenda hauko nchini kabisa. Fuvu la mtu wa kale lililochimbuliwa mgodini Kabwe mwaka 1921 liko London, na Zambia imekuwa ikidai lirudishwe. Daftari za kampuni nyingi zilienda makao makuu ya kampuni, katika nchi nyingine, kwa hiyo waandikie watunza nyaraka wa huko bila woga, wengi hujibu.

Mawe yenye rangi nzuri na vyuma vidogo viache vilipo, kwa sababu ya sumu na kwa sababu kikishaondoka mahali pake hakiwezi tena kumweleza mtu kilikuwa cha kazi gani. Rekodi na picha zako zihifadhi nakala tatu: moja kwa familia ya aliyesimulia, moja kwenye maktaba au shule ya mji huohuo, moja kwako. Kwa kila picha andika palipopigwa, siku, na majina ya waliomo kutoka kushoto kwenda kulia. Majina yaandike kabla ya kuondoka nyumbani kwa mzee, akiwa bado amekaa kando yako akikurekebisha.